Ukurasa wa Miguu ya Watoto

Langas, Eldoret
Jumapili alasiri

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi. Mimi ni mzima, ila mafua yamenishika wiki hii kama kila mtu wa ploti yetu. Goti lako je? Mke wa kaka Wafula aliniambia sasa unapanda kile kilima cha kanisani bila kusimama njiani, nikafurahi. Na mahindi yenu yamefika wapi? Huku Kapseret yananifika kifuani.

Barua hii nimempa jirani anayekuja Bungoma kwa mazishi. Mwambie mke wa Wafula akusomee polepole, maana ni ndefu.

Juzi kwenye simu ulisema umewaambia akina mama wa kanisa kwamba mimi natengeneza miguu ya watu waliokatwa miguu. Mama, mimi sitengenezi miguu. Nilianza kukueleza, simu ikakatika, na hata isingekatika sijui kama ningesema yote. Ndiyo maana naandika.

Ninafanya kazi katika karakana moja upande wa barabara ya Kapseret. Miguu anaitengeneza Mzee Kibet, fundi mkuu, ambaye alianza kazi hiyo kabla sijazaliwa. Mwenye karakana ni Madam Jerotich. Mimi nilichukuliwa kupokea wateja na kujibu simu, kibarua cha mwezi kwa mwezi. Mwaka jana Madam aliniita ofisini akanigeuzia kompyuta.

“Caro, andika hapo: mguu wa bandia Eldoret.”

Nikaandika. Yakatokea majina ya watu wengine.

“Sisi tuko wapi?”

Nikashuka chini, nikafungua ukurasa wa pili, wa tatu. Tulikuwa ukurasa wa nne, mwisho kabisa.

“Nani hufika huko?”

“Hakuna, Madam.”

“Basi tutoe huko.”

Wewe unajua soko, Mama. Mgeni akishuka garini hajui nani anauza nini. Anamuuliza mama wa kwanza pale langoni, vitenge viko wapi? Yule mama akitaja jina lako, umeuza. Asipolitaja, utakaa na vitenge vyako mpaka jioni hata kama ni vizuri kuliko vya wote. Sasa, mtandao una mashine inayofanya kazi ya mama wa langoni. Mtu anaiandikia anachotaka, nayo inamtajia majina, la kwanza, la pili, la tatu. Imesoma kurasa zetu sote, na inamtaja mbele yule ambaye maneno yake yanalingana na swali. Haiji kuangalia kama kweli vitenge unavyo.

Tovuti yetu ilikuwa imeandikwa kwa maneno ya hotuba, “watoaji wa huduma bora za viungo saidizi”. Mtu aliyepoteza mguu haulizi hivyo. Nikajifunza kusoma orodha ya maneno ambayo watu wenyewe huandika wakitafuta, nikayatumia hayo hayo. Nikatengeneza ukurasa wa mguu wa chini ya goti, ukurasa wa magongo, na maelezo ya kutufikia kutoka stegi ya matatu. Picha zilizokuwa nzito nikazipunguza ili tovuti ifunguke hata kwa simu ndogo. Wateja waliofurahi nikawaomba waandike maoni yao. Ilichukua miezi. Tulipanda hadi ukurasa wa pili, kisha wa kwanza, na simu zikawa zinalia mpaka Mzee Kibet akalalamika kwamba hasikii mashine yake. Madam akasema mwaka ukiisha ataniandika kazi ya kudumu.

Katika ile orodha kulikuwa na swali lililorudi sana: mguu wa bandia wa mtoto. Nilienda kumuuliza Mzee Kibet.

“Ya watoto hatufanyi,” alisema. “Mtoto anakua. Leo unampima, baada ya miezi michache mguu haumtoshi tena. Inataka vifaa vingine na mtu aliyesomea. Sisi hatuna.”

Nikampelekea Madam jibu hilo. Alikuwa anatia sahihi karatasi, hakuinua kichwa.

“Weka tu,” akasema. “Wakipiga simu tutawaeleza.”

Nikaweka. Sitakwambia nililazimishwa. Niliandika kwa mkono wangu kwamba tunatengeneza miguu ya bandia ya watoto wa umri wowote, nikatafuta picha ya mtoto anayecheka nikaibandika juu. Baada ya wiki chache ukurasa huo ndio uliosomwa kuliko kurasa zetu zote. Wazazi waliopiga simu niliwaambia kwa sasa vifaa vimeisha, wajaribu baadaye. Nilisema hivyo mara nyingi hata nikazoea.

Kisha Jumanne moja asubuhi aliingia baba mmoja amembeba msichana mgongoni. Walikuwa wametoka ndani huko, mbele ya Turbo, na hakuwa amepiga simu. Alimketisha mtoto kwenye benchi akanyoosha mgongo. Mtoto alikuwa na miaka tisa, anaitwa Mercy. Mashine ya kupukuchua mahindi ilimkata mguu wa kushoto. Mguu wa kulia ulikuwa na kiatu kipya cha shule, cheusi. Kiatu kingine kilikuwa kwenye mfuko wa plastiki, ameupakata. Alikitoa akaniwekea mezani.

“Baba alisema nikibebe,” akaniambia, “ili mtengeneze mguu unaokitosha.”

Mama, sikujua niangalie wapi. Nikaenda kumwita Mzee Kibet. Alitoka akifuta mikono, akamwona mtoto, akaona kiatu, kisha akaniangalia mimi. Akachuchumaa akamsalimu Mercy kwanza. Halafu akamwambia baba yake kwamba hapa hatutengenezi ya watoto, na hatujawahi.

Baba Mercy hakupiga kelele. Alitoa simu yake, kioo kimepasuka, akafungua ule ukurasa wangu akamwonyesha.

“Si hapa mmeandika?”

Mzee Kibet akasoma wote, mpaka chini. “Nani aliandika hii?”

“Ni mimi,” nikasema.

Baba Mercy akanigeukia. “Kwa nini?”

Jibu nililokuwa nalo ni moja tu, na lilikuwa la kweli. “Kwa sababu kuna watu wengi wanatafuta.”

“Ndio,” akasema. “Mimi ndiye nilikuwa natafuta.”

 Alikirudisha kile kiatu kwenye mfuko, akautia ndani ya koti lake.

Mzee Kibet alimwomba asiondoke kwanza. Akachukua magongo mepesi ya mtu mzima, akayakata, akayapima kwapani kwa Mercy, akayakata tena. Mtoto akazunguka uwanja wetu, mara ya kwanza akiogopa, mara ya tatu akimwambia baba yake asimshike. Mimi nilikuwa kwenye simu. Nilipiga hospitali moja, nikatumwa nyingine, nikatajiwa muuguzi aliyestaafu, na huyo ndiye aliyenipa namba ya mahali ambapo miguu ya watoto inatengenezwa, mji mwingine kabisa. Ni watu wa kweli wenye fundi aliyesomea kazi hiyo. Lakini mtandaoni hawapo. Ukitafuta, unatupata sisi. Nilipomaliza kumwandikishia Mercy siku ya kupimwa, ilikuwa saa tisa alasiri na walikuwa hawajala. Tukanywa chai wote karakanani. Baba Mercy aliandika ile namba kwenye kiganja chake, ingawa nilikuwa nimempa karatasi.

Walipoondoka niliingia kwa Madam nikamwambia nataka kuubadilisha ule ukurasa.

“Ukiutoa tunarudi ukurasa wa nne,” akasema.

“Siutoi. Kichwa kitabaki, ili wazazi wafike. Lakini mstari wa kwanza utasema sisi hatutengenezi ya watoto, na wanaotengeneza ni hawa, wako hapa, namba yao ni hii.”

“Nimekuajiri utangaze watu wengine?”

Mzee Kibet alikuwa mlangoni, sijui tangu saa ngapi. Huwa haingii ofisini. “Jerotich,” akamwita, bila Madam, “mzazi mwingine akija na kiatu, mimi sitamjibu. Nitamleta hapa ndani umjibu wewe.” Akarudi kwa mashine yake.

Madam alizivuta karatasi zake. Kisha akasema, “Andika. Lakini ile kazi ya kudumu usiniulize tena.” Sijamuuliza. Bado ni kibarua wa mwezi kwa mwezi, na nisingependa uwaambie akina mama wa kanisa vingine.

Ukurasa niliubadilisha siku hiyo hiyo. Picha ya mtoto nimeiondoa. Wazazi bado wanaufikia, wanasoma mstari wa kwanza, wanaenda zao. Wengine hupiga simu kuhakikisha, nami nawapa namba ile. Wazazi wale niliowaambia wajaribu baadaye, nimewatafuta kwenye daftari la simu, siku kwa siku. Baadhi nimewapata. Baadhi namba zao hazipatikani, na hilo sina la kulifanya.

Wiki iliyopita Baba Mercy alinipigia. Niliogopa kupokea, nikapokea. Alisema Mercy amepimwa na ameanza kujifunza kusimama na mguu mpya, unamchubua kidogo. Halafu akasema hakupiga kwa hilo. Kuna jirani yake ana mvulana aliyezaliwa bila mguu, anataka kujua aende wapi.

Nikamwambia jirani afungue ule ukurasa wetu, maelezo yote yako juu kabisa.

 Akasema, “Nisomee wewe.”

Nikaufungua, nikamsomea mstari wa kwanza neno kwa neno, na wa pili, na namba. Akaniomba nirudie namba. Nikarudia.

“Sawa,” akasema. “Hiyo nitampa.”

Hiyo ndiyo kazi yangu, Mama.

Nisalimie kaka yangu Wafula na mkewe anayekusomea hapa. Mwambie asante kwa kuvumilia mwandiko wangu. Nisalimie shangazi wa ng’ambo ya mto, na babu, umpazie sauti kwenye lile sikio zuri. Wapwa zangu waambie sijawasahau hata mmoja. Wewe funga goti vizuri asubuhi za baridi, na usibebe maji.

Nakukumbuka kila siku.

Ni mimi binti yako,
Caroline Nafula