Vidonge vya Bruda na Karanga za Mama Mkwe

Songea, karibu na Boma,
14 Juni 1913

Mpendwa Mjomba Bakili,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na mkaza mjomba Biasha na watoto. Je, ule mguu wako bado unakusumbua wakati wa baridi? Huku asubuhi hatuonani kwa ukungu, ila ulezi umekubali mwaka huu na ghala limejaa. Mimi mwili ni mzima. Uso wa kutazama watu ndio sina.

Daimu muuza tumbaku anaondoka alfajiri kuja huko Tunduru, ndiye atakayekuletea barua. Mpe chakula, usimpe maneno, maana huyauza kuliko tumbaku.

Kazi ya useremala naendelea nayo, chini ya Bruda, yule mtawa Mdachi wa misheni. Habari ya posa yangu kwa Notburga unayo. Mama yake, Adela, ni mjane wa vita vya Maji Maji, amemlea binti yake kwa kupika pombe ya ulezi. Msimamizi wa binti ni baba yake mdogo, Hironimus. Mwanzoni mwa mwezi huu waliniita nikale kwao kwa mara ya kwanza kama mkwe.

Wewe peke yako uliye hai unajua ninavyoshindwa na karanga. Katika ile njaa ya baada ya vita, mama alipokwisha kufa, ulinipikia uji wa karanga ukidhani unaniokoa, nikavimba mpaka ukaanza kunililia msiba. Tangu hapo nazikwepa kimyakimya. Sikumwambia mtu, hata Notburga. Mwanamume mzima ashindwe na karanga! Niliona heri waseme nina madaha ya kula kuliko wanicheke.

Sasa huyu Bruda, kila nyasi zinapotoa maua, hupiga chafya mpaka randa inamtoka mkononi. Ana kichupa cha vidonge vidogo kama punje za ulezi, vitamu kama sukari, huviweka chini ya ulimi. Alinieleza vinavyotengenezwa: kile kitu chenye madhara hutiwa tone katika maji, yakatikiswa, kisha tone la maji hayo likatiwa katika maji mengine, hivyo hivyo mpaka kitu chenyewe hakionekani tena, imebaki nguvu yake tu. Ndivyo vidonge hulowekwa humo.

Nilipaswa kucheka, Mjomba. Marehemu baba alinyunyiziwa maji, akaambiwa risasi za Wadachi hazitampata, na wewe ndiwe uliyemzika. Mimi niliyesoma huwa nawacheka wazee kwa jambo hilo, Mungu anisamehe. Lakini haya yalikuwa maji ya Mzungu, yana kichupa chenye maandishi, nikaamini yatanikinga na karanga. Nikamdanganya Bruda kwamba nami napiga chafya, akanipa vichache.

Kwa kina Notburga nilikuta ugali na majani ya maboga yaliyoungwa karanga, mazito, maana mkwe hapewi mboga ya maji matupu. Adela hakutokea, kama ilivyo adabu ya mama mkwe. Alikuwa jikoni akisikiliza kama ninakula. Hironimus akamega tonge, akachovya, akala kwanza, kutoa sumu kama desturi yetu. Hapo ndipo mimi mpumbavu nilipogeuka kando nikatia vidonge chini ya ulimi.

Aliniona.

"Nimekuonjea mbele ya macho yako, na bado unajikinga?" akasema. "Basi sema wazi, humu ndani mchawi nani?"

Ili kumwonyesha kwamba sina shaka nao, nikala haraka, tonge baada ya tonge. Mara midomo ikawasha, macho yakavimba yakafumbana, koo likabana. Nikaanguka. Majirani wakaja mbio, na neno sumu likatajwa kabla sijainuliwa.

Ndipo Adela akatoka. Akavunja mwiko wa kuonana na mkwe, akaleta chungu chenyewe, akaketi katikati ya ua akaanza kula.

"Kaeni hapa mnitazame," akawaambia. "Nikivimba na mimi, nizikeni na chungu hiki."

Alikula mpaka akakwangua chini. Nilimwona kwa upenyo wa jicho moja, ulimi mzito, siwezi kusema. Hilo si kosa langu. Kosa ni la asubuhi yake: ulimi ulikwisha kupona, nami nikaondoka kwa njia ya mtoni nisikutane na mtu.

Tangu siku ile hakuna anayenunua pombe yake. Wanawake hawamwiti kutwanga. Wanasema alikula upande wa chungu usiokuwa na sumu. Mjane wa watu jina lake limeoza kwa ajili yangu, nami nimekaa kimya nikipiga randa. Naona haya. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini yangu yamemuumbua mtu mwingine.

Nilianza barua hii ili nikuombe umpelekee Hironimus neno, umweleze habari ya ule uji. Nikiwa katikati, Notburga akaja mlangoni. Hakuingia. Akaniambia tu, "Mama anauliza, maharage je, unaweza kula?" Akageuka akaenda zake.

Nililia, Mjomba. Kumbe Adela amekwisha kubaini mwenyewe kwamba ni karanga, wala hajanitangaza. Ananingoja niseme. Huyu ndiye niliyemwacha aitwe mchawi.

Basi sitangoja jibu lako. Kesho baada ya ibada nitasimama katika ua wa Hironimus na karanga za shamba langu, nizilimazo za kuuza, nilizokaanga mwenyewe. Nitasema yote, kisha nitazila mbele yao bila kidonge, wanione ninavyovimba kwa karanga za mkono wangu. Nitakula chache. Lakini safari ile koo lilibana sana, kwa hiyo nakuandikia wazi: ukisikia Osmund amekufa, Adela hakuniua.

Nisalimie mkaza mjomba Biasha, Halima na mdogo wangu Mussa. Mwenyezi Mungu awape afya na usingizi wa amani. Niombee kwa dua zako, nami nitawaombea kwa sala zangu, maana tunamwomba Mmoja.

Mimi mwana wa dada yako, nikupendaye,
Osmund