Nilitaja Bei

Jumatano, 3 Septemba
Wakata manyoya wamemaliza. Magunia sitini ya sufu! Baba atampa Bettino mfanyabiashara, kama kila mwaka. Kumpa — si kumuuzia, Mungu apishie mbali! Mwungwana wa upanga hauzi. Anatoa, naye Bettino "anashukuru" kwa apendacho. Mwaka jana alishukuru kwa pipa la divai chachu na kioo. Baba akasema asante sana. Tukala uji wa shayiri mpaka Pasaka, na paa la ukumbi likaporomoka upande mmoja.

Ijumaa, 5 Septemba
Baba anaumwa mguu. Nitaenda gulioni mimi! Kanishika bega: nitoe, niiname, nirudi, nisifungue mdomo. Ndiyo, Baba.

Jumamosi, 6 Septemba
Nimefanya! Nimefanya!
Bettino katia mkono guniani, kakunja uso. Eti sufu ina majani, atashukuru kwa mishumaa. Mishumaa! Nikasikia mtu anasema, "Vipande mia tatu vya fedha, la sivyo nampa yule pale." Kumbe ni mimi. Bettino katoa macho, kisha kacheka kwa raha: "Mia moja, bibie." Nikasema mia mbili na themanini! Lo, utamu wake! Tukapatana mia mbili na ishirini. Kasema baba yangu Baldrik kazaa mfanyabiashara. Sijawahi kusifiwa hivyo.
Ila Bwana Gerlak, jirani yetu wa ng'ambo ya mto, alikuwa nyuma yangu. Kapiga kelele: binti wa Baldrik kataja bei! Aibu! Kapanda farasi moja kwa moja hadi kwa mjumbe wa mfalme.

Jumatatu, 8 Septemba
Nyumba ikitaja bei, upanga wa mwenye nyumba huvunjwa langoni, naye si mwungwana tena. Nilijua. Nimemwambia Baba mwenyewe. Hakunipiga. Kauliza tu: mia mbili? Nikasema, na ishirini. Kageukia ukuta.
Naogopa. Na bado nafurahi, Mungu anisamehe.

Jumanne, 9 Septemba
Mjumbe kafika na nyundo. Kamuuliza Baba: binti alitaja, hakutaja? Baba uongo hauwezi, hajui hata unaanzia wapi. Kasema niitwe, nijisemee.
Niko ghalani, nasikia yote. Gerlak kaingia kwa mlango wa nyuma! Nikadhani kaja kutazama aibu yetu. Kumbe nje ana mikokoteni miwili, imefunikwa nyasi. Kanisukumia kigunia cha sufu yake, jasho linamtoka.
"Binti, yangu ingepata ngapi?"
"Si ulisema aibu, bwana?"
"Aibu ni kutaja. Mimi sitaji. Utataja wewe."
Naandika nimesimama, anadhani napiga hesabu. Wananiita tena — sasa ni sauti ya Baba. Gerlak kaziba mlango, hanipishi mpaka nijibu. Na mkono wangu wa kushoto umeshaingia kiguniani. Ndefu, laini, haina jani hata moja. Ni nzuri kuliko yetu.