Maombi ya Jumatano

Jumatatu, 9 Juni

Chaki, kifutio, maandalio ya somo nakala mbili. Kipindi cha tatu, Kidato cha Tatu Mashariki. Msimamizi wangu kutoka chuoni aliketi nyuma, karibu na dirisha, kalamu tayari.

Nilisalimia. Niliandika mada ubaoni. Nikawageukia wavulana, na maneno hayakuja. Sijui nieleze vipi. Nilisema "hivyo basi" mara kadhaa. Kisha nikasema samahani, nikatoka, nikasimama kwenye mabomba ya kunawia mikono hadi kengele ilipolia.

Msimamizi atarudi kunikagua mara moja tu. Nikishindwa tena, nitarudia mazoezi ya kufundisha mwakani na sitahitimu na wenzangu. Mama ameshaanza kuniita mwalimu mbele ya majirani.

Niliporudi kuchukua vitabu, aliyeinua macho ni Mwaura, kiongozi wa darasa. Wengine walikuwa wakicheka. Yeye hakucheka. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Jumatano, 11 Juni

Misa ya katikati ya wiki. Kila Jumatano darasa moja huongoza: nyimbo, masomo, matoleo, maombi ya waamini. Leo zamu ya Tatu Mashariki. Mwaura ndiye pia mkuu wa wasomaji wa shule nzima. Sauti nzito, safi, haina haraka. Aliombea Papa. Aliombea mvua. Aliombea wagonjwa. Kisha akasema hivi, neno kwa neno:

"Tumwombee mwalimu wetu, Madam Njoki, ambaye Jumatatu aliishiwa na maneno mbele ya mkubwa wake. Roho aliyefungua ndimi za mitume siku ya Pentekoste aufungue na ulimi wake. Ee Bwana."

Kicheko kikaanzia viti vya nyuma. Halafu shule nzima: "Twakuomba utusikie." Kwa nguvu. Hawakujibu hivyo kwa mvua.

Nilikuwa safu ya walimu, uso unaniwaka. Siwezi hata kulalamika. Nitasema nini? Kwamba nimeombewa? Mlangoni Bwana Gitau, naibu wa mwalimu mkuu, alinigusa bega. "Hao vijana wanakupenda, Madam. Mimi niko hapa miaka yote hii na hakuna mtu amewahi kuniombea."

Namchukia Mwaura. Naandika hili ili nisije nikajidai baadaye kwamba sikumchukia.

Ijumaa, 13 Juni

Sasa naitwa Pente, kwa ile Pentekoste. Nilisikia nikipita karibu na mabweni. "Wasee, Pente huyo. Leo ni Kigiriki ama Kilatini?" Jikoni mpishi aliniuliza kama koo limepona. Mhasibu amesema ananiweka kwenye rozari yake.

Darasani niliuliza swali, mtu mmoja nyuma akanong'ona, "Shuka, Roho, shuka." Mwaura aligeuka akamkazia macho. Nadhani alikuwa anamwonya apunguze sauti wasije wakakamatwa. Ana akili huyo. Hachafui mikono yake.

Jumanne, 17 Juni

Nimewaza kumnyima alama. Nimewaza kumpeleka kwa Bwana Gitau kwa kosa lolote, maana kosa halikosekani. Vyote ni vya kitoto. Nataka kitu kama alichonifanyia. Kitu ambacho mtu akikitazama kwa nje ni wema mtupu.

Leo Padre wa shule amenipa kazi. Nipitie maombi ya kila darasa kabla ya Misa, nisahihishe Kiswahili. "Wanamwandikia Mungu kama wanamtumia mtu ujumbe wa simu," alisema. Nilikubali kabla hajamaliza.

Jumapili, 22 Juni

Chumbani nilikopanga, Kiganjo, mchana kutwa. Nafanya mazoezi mbele ya kioo. Nimegundua hasira inasaidia. Nikimweka Mwaura kwenye kioo, sauti haitetemeki hata kidogo.

Jumamosi, 28 Juni

Mapumziko ya katikati ya muhula. Wavulana wako kwao. Mimi nimekuja Mwiki kumwona dada yangu Wairimu na mtoto wake mchanga. Alinituma maziwa.

Kwenye kiwanja kitupu nyuma ya vibanda, watu wa kanisa la vilemba vyeupe walikuwa wanaabudu. Viatu wamevivua, wamevipanga pembeni. Ngoma. Kanzu nyeupe. Na katikati ya ngoma, kilemba kimefungwa vizuri kuliko vya wote, Mwaura.

Nilijificha nyuma ya kibanda cha mitumba. Mwanamke mmoja alipiga magoti katikati ya duara. Mwaura akaweka ngoma chini, akamwombea kwa sauti, kwa Kikuyu. Alimtaja jina. Akataja kwamba mume amemkimbia na kwamba amefukuzwa kazi. Wapita njia wote wakisikia. Yule mwanamke alikuwa analia na kuitikia kwa kichwa. Nikawaza: kumbe hata huku kwao anaaibisha watu.

Mwenye kibanda aliniona nikitazama. "Huyo kijana ni wa hapa, amezaliwa humo humo kilembani. Unataka kubadilisha kanisa, sister?"

Nikamuuliza kama wao hubatizwa.

"Si kwa maji. Hao ni Roho tu. Hii blauzi inakutosha lakini."

Si kwa maji. Na kila Jumatano Mwaura ndiye wa kwanza kati ya wanafunzi kwenda kukomunika, mikono ameiunganisha kifuani kama malaika wa picha. Katika shule yetu msomaji lazima awe Mkatoliki aliyebatizwa. Mkuu wa wasomaji zaidi. Shule nzima anaidanganya, na Padre, na Mungu.

Nilirudi bila maziwa. Wairimu akauliza kwa nini natabasamu.

Jumatatu, 30 Juni

Jumatano ni zamu ya Nne Magharibi. Maombi yao nimeyapokea, nimeyasahihisha, nimeongeza moja kabla ya la marehemu. Limenichukua jioni nzima. Nilifuta kila neno lenye ukali. Yaliyobaki ni haya:

"Tumwombee Mwaura wa Tatu Mashariki, na wenzetu wote ambao bado hawajabatizwa kwa maji, ili siku yao ifike waikaribie meza yako wakiwa tayari. Ee Bwana."

Nimelisoma mara nyingi. Halina dosari. Hata Padre angeliandika. Akili inaniambia ni mtoto wa miaka kumi na saba. Nimeiambia akili kwamba mimi nina ishirini na tatu, na hakuna aliyenihurumia kwa sababu hiyo.

Jumatano, 2 Julai

Limesomwa.

Kijana wa Nne alilisoma bila kufikiri, kama wanavyosoma vyote. Alipofika "hawajabatizwa kwa maji" sauti ilimpungua, akamtupia Mwaura jicho. Mwaura alikuwa mbele, benchi la wasomaji. Itikio likaja kwa mafungu, huku wengine wakiulizana. Midomo ya Mwaura ilijibu pamoja nao. Niliiona. "Twakuomba utusikie."

Kisha komunyo. Walimu tulitangulia. Niliporudi kuketi, kanisa zima lilikuwa linamtazama yeye tu. Benchi la wasomaji lilisimama. Yeye alibaki ameketi, mikono juu ya magoti. Wenzake wakamruka.

Nilihisi utamu. Nauandika kama ulivyokuwa. Ulianza tumboni ukapanda hadi masikioni.

Padre aliniuliza nimejuaje, nikamweleza niliyoyaona Mwiki, naye akamwita Mwaura sakristia. Baadaye Bwana Gitau alimwita ofisini, na sauti yake ilisikika hadi uwanja wa mpira. Mwaura hasomi tena kwenye Misa. Ameambiwa aende nyumbani, arudi na mzazi. Alipopita dirishani kwetu walimu na begi, wavulana wa Nne waliimba wimbo wa ubatizo. Mmoja alimmwagia maji ya chupa kichwani. Shati lilimganda mgongoni. Hakujifuta.

Ijumaa, 4 Julai

Mama yake alikuja. Mwanamke mrefu, kilemba cheupe, sweta ya buluu, mkoba wa plastiki. Nilikuwa ofisini kwa Bwana Gitau kwa sababu Bwana Gitau alitaka "mwalimu aliyegundua" awepo.

Alimsikiliza Bwana Gitau hadi mwisho. Akasema, "Mwarimu, aliniambia huku mkate ni wa kila mtu. Anapenda kusoma mbele za watu, huyu. Tangu mdogo." Bwana Gitau akatazama dari.

Kisha akanigeukia. "Wewe ndiye Njoki?"

"Ndimi, Mama Mwaura."

Alinishika mikono yote miwili. "Ile wiki ulilemewa, huyu alinipigia na simu ya shule. Akasema tukutaje, kama tunavyomtaja kila aliyelemewa. Tumekutaja kila ibada tangu hapo, wewe na ulimi wako. Sasa unaongea?"

Nilimwambia naongea.

"Na wewe ukamtaja wangu. Hata mimi sikujua jambo hili limemlemea hivyo. Mungu akubariki, mwanangu."

Nilitafuta dhihaka usoni mwake. Nilitafuta kwa bidii. Nikamtazama Mwaura, aliyesimama mlangoni nyuma yake. Aliangalia sakafu. Yeye anajua. Anajua kabisa maombi yangu yalikuwa ya aina gani, kwa sababu amekaa huku nasi tangu Kidato cha Kwanza. Siku ile ya Juni alisahau tu yuko wapi. Na hakumwambia mama yake chochote kunihusu. Alimwacha anishike mikono.

Jumapili, 6 Julai

Nimejaribu kuamini kwamba alinidhihaki kweli na kwamba mama ndiye aliyedanganywa. Ingekuwa rahisi. Nimejaribu tangu asubuhi. Lakini naona tena yule mwanamke wa Mwiki akiitikia kwa kichwa, na hakuna mtu katika duara lile aliyecheka. Nilikuwepo. Niliona kila kitu na sikuona.

Jumanne, 8 Julai

Nimekaguliwa. Nimefaulu. Msimamizi ameandika "sauti thabiti, mwalimu anajiamini". Darasa lilikuwa kimya kama mtihani. Wananiogopa sasa. Hakuna Pente tena. Mwaura amerudi tangu jana, ameketi mahali pake. Si kiongozi wa darasa tena, wamemchagua mwingine. Nilipouliza swali gumu aliinua mkono, akajibu vizuri, akaketi. "Asante, Mwaura." Hakuna zaidi.

Baada ya kipindi nilimwita kando. Nilimwomba msamaha vibaya, kwa vipande, maneno yakinikimbia kama mara ya kwanza. Alinisubiri. Mwishowe akasema, "Sawa, Madam," akauliza kama anaweza kwenda kula.

Nimempigia Mama simu kumwambia nimefaulu. Akapiga kigelegele. Nikaweka simu mbali na sikio.

Jumatano, 9 Julai

Misa. Zamu ya Nne Mashariki. Nilipitia maombi yao jana, sikuongeza kitu.

Wakati wa komunyo Bwana Gitau alisimama na safu yetu ikasimama. Mimi sikusimama. Walinipita mmoja mmoja, wakijibana kwenye magoti yangu.

"Madam, uko sawa?"

"Niko sawa, Bwana Gitau."

Kisha wavulana, benchi kwa benchi, kila mmoja akinitazama mara mbili. Mwalimu Mkatoliki asiyekomunika. Kufikia chakula cha mchana nitakuwa na mimba. Kufikia jioni watakuwa wamempata na baba.

Mwaura alikuwa nyuma, karibu na nguzo, pamoja na wale ambao hawaendi. Sikugeuka kumtazama. Wimbo uliisha kabla foleni haijaisha. Tukaketi hivyo, tuliobaki, hadi Padre alipomaliza kusuuza kikombe.