Uji Mwepesi wa Bahati

Mujukuu wangu Furaha,

Nakusalimia toka Karuba. Ng'ombe imezaa, papa yako mudogo anakohoa kidogo tu. Mimi njo situlii: nakaa, nasimama, tangu uliponiuliza, "Koko, hapa hospitali wakimulisha mutoto wangu kwa mupira wa puani, mimi nitakuwa mama gani?"

Ndugu yangu mudogo Bahati alizaliwa na mwili wa kulegea, hata kumeza kulimushinda. Ilikuwa wakati Wabeleji wanatutawala, mimi ningali musichana. Kule Kirotshe munganga wa hospitali alimupitishia mupira mwembamba puani mpaka tumboni, akasema, "Mama, uji uwe mwepesi kama maji."

Mama alikasirika. Kwetu uji mwepesi anapewa mugeni asiyetakiwa. Akapika muzito, mupira ukaziba. Bahati akalia njaa, mama akazunguka-zunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Munganga alipoweka mupira mupya, mama akakubali kupika mwepesi. Uji ukishuka, alikuwa anamuimbia.

Mimi niliangalia macho ya Bahati. Hayakufuata mupira hata siku moja. Yalimufuata mama.

Basi, ukae pale mutoto anaweza kukuona.

Koko wako