Mashavu Mekundu ya Furaha

Columbus, Novemba 2015

Mama mpendwa,

Bwana asifiwe. Mguu wako umepona? Na kikohozi cha Baba? Sisi tuna uzima, ila nimekasirika, kwa hiyo unisamehe mwandiko.

Nimesikia Tantine wa Buffalo, shangazi yake Amani mchumba wa Furaha, amekupigia simu kusema huyo mdogo wangu ni malaya. Eti kwenye picha ya uchumba amejipaka rangi nyekundu mashavuni. Na wewe sasa unataka kuvunja uchumba. Kwanza nisikilize.

Huyo mama alipotutembelea kiangazi alitukokota mimi na Furaha hadi jumba la sanaa, tukaone kazi ya Wafaransa. Alisoma Kifaransa kwa masista, basi hajui kunyamaza. Tukafika mbele ya picha ya bibi mmoja wa enzi za wafalme wao: nywele zimemwagiwa unga, uso mweupe pe, mashavu mekundu kama aliyezabwa makofi. Nikasema, "Maskini, huyu iko na homa." Tantine akanicheka mbele ya watu.

Mwongozaji akaeleza kwamba katika picha za Kifaransa za karne ile, wekundu huo haukuwa wa afya wala wa aibu. Ulikuwa cheo. Bibi wa nyumba ya mfalme alijipaka waziwazi ili ajulikane. Mke wa mfanyabiashara alijipaka kidogo tu. Upuuzi mtupu, mtu mzima kujipaka cheo usoni! Lakini Tantine alikaribia kupiga magoti. "Voilà! Mwanamke ya heshima ni hivi, donc mujifunze!"

Furaha akajifunza. Siku ya uchumba alijipaka vilevile, ili ampendeze. Kumbe cheo cha Mfaransa kikikaa kwenye shavu jeusi kinaitwa umalaya.

Amani naye, mwanaume mzima anayeendesha forklift ya kubebea mizigo huko Louisville, akapiga simu kwa sauti ya kuku aliyelowa.

"Furaha, upige picha ingine, ya bila ile rouge ya mashavu. Ni juu ya Tantine, amekasirika."

"Na weye unaonaje?"

"Mi? Bon... Tantine njo mukubwa wetu."

Furaha akakata simu, akavua pete. Amelia sana, Mama, nami nimelia naye. Kwa hiyo usijisumbue kuvunja kitu, mwenyewe ameshavunja.

Nisalimie Baba, kaka yangu mwalimu, na mama mdogo anayeuza samaki. Tantine akipiga tena, usimsalimie.

Ukimpigia Furaha, usimuulize habari ya picha. Muulize kama amekula.

Mwanao wa kwanza,
Mapendo