Tisa ya Bibi Almeda

Sheboygan, Wisconsin
9 Machi 1997

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Huku mimi ni mzima, ila baridi haijatuachia na ziwa bado lina barafu kando kando. Vipi kichwa chako tangu uteleze pale uani? Mama anasema kidonda kimefunga lakini chakula unakichezea tu, na ukiulizwa unasema umeshiba. Mimi si Mama, Babu. Niambie ukweli.

Nina habari ya kukuchekesha. Nimechaguliwa kuwa mwonjaji kwenye mashindano ya hapa mjini ya bia ya mizizi, hii yetu isiyolevya, mwezi wa nane! Bwana Schmitz anayeyasimamia alinikuta dukani nabishana na muuzaji kwamba chupa zake zimejazwa vanila ili kuficha mzizi uliochoka. Akaniuliza, "Dada, hayo umesomea wapi?" Nikamwambia, "Jikoni kwa babu yangu, Pennsylvania." Akacheka, akaandika jina langu.

Sasa nifundishe vizuri nisije nikakuaibisha. Jumamosi nilionja tatu za watu wanaopika wenyewe. Ya kwanza ilikuwa tamu, nikaipa nane. Ya pili tamu zaidi, tisa. Ya tatu nzuri mno, nikaipa kumi.

Mjukuu wako,
Lorena


Kaunti ya Berks, Pennsylvania
18 Machi 1997

Mjukuu wangu Lorena,

Marahaba. Hapa sote wazima, ng'ombe wazima, na hata yule mchungaji mpya aliyeniuliza kama bia yetu inalewesha ni mzima. Nilimjibu inalewesha watoto tu, tena kwa sukari.

Barua yako imeniudhi. "Tamu", "tamu zaidi", "nzuri mno"! Hivyo mtu husifu pipi. Sikiliza. Usiinywe ikiwa ya baridi kali, baridi huficha aibu. Tafuna biskuti isiyo na chumvi, sukutua kwa maji. Tazama povu, likizama upesi, ujue mpishi alikuwa na haraka. Nusa kabla ya kunywa. Ukishameza, nyamaza. Sasafrasi, ule mzizi wenyewe, hutangulia, molasi, ile asali nyeusi ya miwa, hufuata, na yale majani ya msituni yanayopoza ulimi huja mwisho kabisa, ukishadhani mambo yamekwisha.

Na kumi usiitoe. Bibi yako Almeda, Mungu amrehemu, alipika kuliko mtu yeyote ninayemjua, na sikuwahi kumpa zaidi ya tisa. Kila mwaka aliniuliza, "Mahlon, ile moja imekosekana wapi?" Mimi natabasamu, yeye ananirushia kitambaa cha vyombo. Kumi tunamwekea ambaye hajapika bado.

Umeniomba ukweli, haya. Tangu nianguke sisikii harufu, nayo harufu imeondoka na ladha. Nikinywa bia ya mizizi nasikia sukari, ubaridi na michomo ya gesi, basi. Daktari anasema huenda isirudi tena. Nafikiria kuwapa majirani akina Zimmerman ule mtungi wa Almeda wa kupikia bia. Mpishi asiyeonja anawapikia watu nini? Mama yako usimwambie.

Babu yako,
Mahlon


Sheboygan
27 Machi 1997

Babu yangu,

Shikamoo. Sikuulizi hali, nimeshaijua. Nimelia kwanza, halafu nimekasirika. Mtungi wa Bibi usiuguse! Nakuomba ungoje mpaka mashindano yapite. Mpaka siku hiyo mimi ndiye ulimi wako.

Tuanze leo. Jumapili nilikwenda kwa mama mmoja anaitwa Hulda, anapikia ghalani huko kaskazini. Nikafanya kama ulivyoniagiza: biskuti, maji, nikafumba macho. Mwanzo palikuwa kimya. Kisha ukaja udongo, Babu, udongo wa shamba baada ya mvua, nikastaajabu udongo unawezaje kunyweka. Nyuma yake molasi, nzito, ina uchungu kidogo kama mkate ulioungulia pembeni. Nikameza, nikadhani basi. Ndipo ule ubaridi ulipopanda taratibu hadi puani, kana kwamba mtu amefungua dirisha ndani ya kichwa changu.

Hulda akasema, "Mbona huongei, mwanangu? Mbaya?" Nikamwambia, "Ngoja kwanza Mama, bado inaongea."

Nimeipa nane na nusu. Nusu hiyo ruksa?

Mjukuu wako na ulimi wako,
Lorena


Kaunti ya Berks
10 Aprili 1997

Ulimi wangu,

Marahaba. Barua yako ya kwa Hulda nimeisoma mezani, nikairudia kwa sauti, na mate yakanijaa. Mimi! Nimekaa pale nikishangaa kinywa changu mwenyewe, maana tangu majira ya baridi kilikuwa hakina habari na chochote.

Nusu si ruksa. Mwonjaji anayetoa nusu anaogopa watu. Ni nane.

Mtungi nitausubirisha, lakini tuelewane: mashindano yakipita na mimi niko vilevile, Titus Zimmerman ataubeba. Si unamkumbuka Titus, yule anayesafirisha ng'ombe mpaka huko kwenu?

Hebu nijibu na hili. Siku ya mashindano mnajua nani kapika nini?

Babu yako,
Mahlon


Sheboygan
22 Juni 1997

Babu,

Shikamoo. Nilikujibu tangu Aprili kwamba hatujui kitu, chupa zinabandikwa herufi tu na majina anabaki nayo Bwana Schmitz. Nimekuandikia tena Mei, kimya. Nimekuonjea saba nzima, nazo umezinyamazia.

Halafu Mama kwenye simu ananiambia kuna chupa zimepasuka nyasini kwako na kuyatia mashuka ya jirani yako Bi Hoover rangi ya kahawia, tena yakiwa yameanikwa! Chupa gani hizo, Babu? Unaumwa? Unanificha nini?

Lorena wako mwenye wasiwasi


Kaunti ya Berks
30 Juni 1997

Lorena,

Marahaba. Mimi mzima. Chupa ni chupa. Bi Hoover nimeshamfulia mashuka, na anasimulia kanisani kote jinsi nilivyokuwa nikiyasugua. Wewe kaza ulimi.

Babu


Sheboygan
17 Agosti 1997

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mtungi ukiwa bado jikoni. Mashindano yalikuwa jana.

Tulikuwa waonjaji watano. Nyingi zilikuwa sukari tupu. Kisha ikaja chupa K. Kifuniko kilipotoka, ilivuta pumzi ndefu badala ya kupiga kelele. Povu likapanda, likatulia, likakaa. Nikanusa, Babu, nywele zikanisimama. Udongo mweusi wa chini ya majani. Sasafrasi haikusukumana na kitu, iliingia kama mwenye nyumba. Molasi ikaifuata bila kuifunika. Nikameza, nikangoja, nikangoja tena, na nilipokwisha kukata tamaa ule ubaridi ukaja, mwembamba, safi, ukakaa kooni hata baada ya biskuti na maji. Sikujua kama kitu cha kunywa kinaweza kumfanya mtu atake kuvua viatu.

Nilikuwa nalia, na Bwana Schmitz akaninong'oneza, "Dada, unahitaji kiti?"

Mkono wangu ulikuwa unaandika kumi. Lakini ilinikumbusha jikoni kwa Bibi, nikajikemea: usimpe mtu alama kwa sababu umemkumbuka bibi yako. Nikakumbuka na sheria yako. Nikaipa tisa. Wale wenzangu wakaigawia kumi chupa moja ya vanila, nayo ndiyo iliyoshinda. K ikawa ya pili, na roho inaniuma.

Nilitaka kumjua mpishi, wakasema ameomba jina lake lisitajwe. Kokote aliko, Babu, huyo mtu asiache kupika kamwe.

Mjukuu wako,
Lorena


Kaunti ya Berks
24 Agosti 1997

Mjukuu wangu,

Marahaba, marahaba mara mia.

K ni yangu. Titus aliileta kwenye lori lake, imefukiwa kwenye majani makavu na barafu. Sikutaka unionee huruma. Nilitaka kujua kama mikono inajua bila ulimi, na kama haijui, mtungi uende.

Sikuweza kuonja, kwa hiyo nilitazama na kusikiliza. Mzizi niliuvunja sikioni, maana uliokauka sawasawa una mlio wake. Maji yake niliyachemsha, nikawa nayainua dirishani mpaka yakawa na rangi ya kabati la Almeda. Majani nilipima kwa ubaridi wake, huo bado nausikia. Mara ya kwanza hamira ilizidi, mashuka ya Bi Hoover yakapata habari. Mara ya pili nilizilaza chupa nyasini pale pale alipozilaza bibi yako, nikawa nazigeuza jua likihama.

Nilibakiza moja. Barua yako ilipofika niliifungua chupa hiyo, nikaweka kikombe kando ya karatasi, nikawa nasoma sentensi, napiga funda. Uliposema udongo nikanywa, na udongo ukaja. Uliposema ngoja, nikangoja. Sijui ni ulimi uliorudi au ni maneno yako tu, na leo asubuhi kahawa haikuwa na ladha yoyote, lakini jana, Lorena, niliinywa bia ya Almeda. Nimelia mpaka miwani ikafunga ukungu.

Lakini tisa! Mimi babu yako! Nimekaa na hiyo tisa tangu jana, sili, silali vizuri, na sasa ndiyo naelewa kwa nini kile kitambaa kilikuwa kinaruka.

Mtungi hauendi kwa mtu. Titus ameshaagizwa mizizi mingine. Andika upesi uniambie: ile moja imekosekana wapi?

Babu yako,
Mahlon