Damu ya Ukoo

Jumapili, Kilakala

Bado naiona ile mashine. Miaka yote nimelilaani soko huria magazetini, na hospitali za watu binafsi nimeziita maduka. Halafu duka mojawapo la Dar likampokea binti yangu Veronika, ambaye ugonjwa wa selimundu ulikuwa umembana kifua hata hawezi kumaliza neno shikamoo. Mrija mmoja ulitoa damu yake, mashine ikazitenga chembe zake nyekundu zilizopinda, na mrija wa pili ukamrudishia majimaji ya damu yake pamoja na chembe nzima za watu asiowajua. Nikalishukuru duka. Mimi!

Leo tumerudi nyumbani. Mama mkwe ameshuka mlimani na kikapu cha karoti. Nilipomsimulia, alikunja uso.

"Sasa, mkwe wangu, mjukuu wangu ni wa ukoo gani?"

Nilikuwa naandaa mhadhara. Veronika akatoka chumbani, akaniwahi.

"Shikamoo bibi. Kwetu ukoo ni wa mama, haukai kwenye mfuko wa damu, na huyu baba mwambie apumzike, leo naongea mimi!"

Yote hayo kwa pumzi moja.

Wagonjwa wa vijijini kule Turiani, wasio na pesa za duka, hawataiona mashine hiyo. Kwa hilo nitagombana kesho magazetini. Sasa hivi namsikiliza Veronika anavyopumua.